Kinachotoka Katika Ukuta wa Kopo

Chakula cha kopo, au cha mkebe kama wasemavyo wengi nchini Kenya, kwa kawaida hakigusani na chuma kinachokibeba. Kati ya hivyo viwili hupakwa utando wa plastiki ngumu wenye unene wa mikromita chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita moja, ambao huonekana upande wa ndani wa kopo lililofunguliwa kama rangi ya dhahabu, ya kijivu au nyeupe, na mara nyingine hauonekani kabisa. Utando huo ndio unaoliwezesha kopo la maharagwe au la samaki kukaa dukani miaka miwili na zaidi bila chuma kuliwa na asidi na bila chakula kushika ladha ya kutu. Hata hivyo, utando wenyewe umetengenezwa kwa kemikali, na sehemu ndogo ya kemikali hizo hujitenga nao na kuingia katika chakula. Wataalamu huliita jambo hilo uhamaji, na kwa miaka thelathini sasa limewagawanya wanasayansi, wenye viwanda na watunga sheria, hadi kufikia, katika Umoja wa Ulaya, sheria ambayo nguvu yake inafika mpaka kwenye mananasi ya Thika, nchini Kenya.

Tangu mwanzo, watengenezaji wa makopo wamekuwa wakitafuta kitu kinachofaa kukaa kati ya chakula na chombo. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alitunukiwa na serikali ya nchi yake faranga 12,000 kwa kuonyesha kwamba chakula kilichozibwa ndani ya chupa kisha kikachemshwa hakiozi, na mwaka huohuo Peter Durand akapata nchini Uingereza hataza, yaani hati ya kulinda haki ya uvumbuzi, iliyohusu pia vyombo vya bati. Kufikia 1813 Bryan Donkin na washirika wake walikuwa wakifunga nyama katika makopo kwenye kiwanda chao cha Bermondsey, London, na wanamaji wa Kiingereza wakawa miongoni mwa wateja wao wa kwanza. Makopo hayo yaliungwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na ilikuwa ikiingia katika chakula. Lakini ilipita zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Marekani kuyapiga marufuku makopo ya chakula yaliyoungwa kwa risasi, mwaka 1995. Muda huo mrefu wafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba kitu kilichotumika miaka mingi kimekwisha kuthibitika kuwa salama.

Bamba la kopo la kawaida ni chuma kilichopakwa tabaka jembamba la stani, metali nyeupe inayokikinga chuma na kutu. Yako matunda, nanasi likiwa mfano mzuri, ambayo hufungwa kwa makusudi katika makopo yasiyo na utando wowote ndani, kwa sababu stani inayoyeyuka polepole katika asidi ya tunda huinyima oksijeni nafasi ya kuharibu rangi na ladha. Hapo uhamaji ni sehemu ya ufundi wenyewe, na kinachotakiwa ni kuuwekea mpaka: viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius vinaruhusu si zaidi ya miligramu 250 za stani katika kila kilo ya chakula cha kopo. Vyakula vingine havivumilii utaratibu huo. Samaki, nyama, mahindi na maharagwe vina protini zenye salfa, na vinapopikwa kwa joto kali salfa hiyo huungana na stani na chuma na kuacha madoa meusi ambayo hayamdhuru mlaji lakini humfanya akitupe chakula. Mafundi walilitatua tatizo hilo kwa kuchanganya oksidi ya zinki katika utando, ili salfa ikutane na zinki kwanza na kugeuka kuwa kitu cheupe kisichoonekana. Nyanya zilizokolezwa na vyakula vyenye siki huleta taabu nyingine, kwa kuwa asidi yake huweza kulitoboa kopo lisilokingwa au kuzalisha gesi ya haidrojeni inayolivimbisha.

Tando za kwanza zilitokana na mafuta ya mimea na utomvu wa miti. Kuanzia miaka ya 1950 nafasi yake ilichukuliwa kwa sehemu kubwa na epoksi, plastiki inayoshikamana na chuma kwa nguvu, inayokunjika pamoja na bamba bila kupasuka linapofinyangwa kuwa kopo, inayostahimili joto la kupikia na isiyobadili ladha ya chakula. Si rahisi kuzipata sifa hizo zote katika kitu kimoja, na mtu akitaka kuelewa kwa nini viwanda viling'ang'ania epoksi kwa zaidi ya nusu karne, na aanzie hapo.

Epoksi ya makopo hutengenezwa kwa kuunganisha epiklorohidrini na bisfenoli A katika minyororo mirefu ya molekuli. Bisfenoli A ilielezwa kwa mara ya kwanza na mkemia wa Kirusi Aleksandr Dianin mwaka 1891, ikakaa bila kazi maalumu hadi mwaka 1936, ambapo Charles Dodds, mtafiti wa tiba wa London, alionyesha kwamba inaweza kufanya kazi ya estrojeni, homoni ya kike, katika mwili wa panya, ingawa kwa udhaifu. Dodds alikuwa akitafuta dawa, na miaka miwili baadaye alipata molekuli yenye nguvu zaidi, diethilistilbestroli, iliyokuja kupewa wajawazito wengi kwa miongo kadhaa mpaka mwaka 1971, ilipogundulika kwamba baadhi ya mabinti waliokuwa matumboni wakati mama zao wakiitumia walipata saratani ya nadra ya uke. Bisfenoli A iliachwa nje ya tiba, kisha ikarudi kwa mlango wa plastiki. Tabia yake ya kuiga homoni ilikwisha kuandikwa katika majarida ya sayansi zaidi ya muongo mmoja kabla ya kuingia katika makopo, lakini ilipoingia viwandani ilihesabiwa kuwa malighafi ya vanishi, na hakuna aliyelazimika kuuliza swali la homoni.

Kinadharia swali hilo lisingehitajika. Vanishi hupakwa juu ya bamba, kisha hukaushwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na humo molekuli ndogo hushikamana na kuwa wavu mmoja mkubwa usioweza kuyeyuka. Lau mmenyuko huo ungekamilika, kusingebaki kitu cha kuhama. Lakini hakuna mmenyuko wa kiwandani unaokamilika kwa kila molekuli, na daima husalia bisfenoli A iliyokosa kuungana, vipande vifupi vya mnyororo, na mazao ya kando ambayo mtengenezaji hakuyakusudia. Hivyo ndivyo vinavyohama.

Wengi hudhani kwamba uhamaji hutokea polepole, kopo likiwa dukani, na kwamba kadiri chakula kinavyokaribia tarehe ya mwisho ya matumizi ndivyo kinavyozidi kuchafuka. Kwa bisfenoli A mambo si hivyo. Kopo linapojazwa na kuzibwa huingizwa katika chungu kikubwa cha mvuke wenye shinikizo, na chakula hupikwa humo humo kwa joto la nyuzi 121 hivi, kwa sababu chini ya hapo mbegu za bakteria Clostridium botulinum, mwenye sumu kali kuliko karibu zote zijulikanazo, huweza kunusurika. Joto hilohilo linalomwokoa mlaji ndilo linaloufungua utando. Watafiti wa Uingereza waliochapisha matokeo yao mwaka 2004 walijaza makopo ya epoksi ya fungu moja kwa supu, nyama ya kusaga, maziwa mazito, karoti na kimiminika cha majaribio, wakayapika, kisha wakayahifadhi katika nyuzi 5, 20 na 40 kwa muda uliofika miezi tisa. Waligundua kwamba kati ya asilimia 80 na 100 ya bisfenoli A yote iliyokuwa katika utando ilikwisha kuhamia katika chakula mara tu baada ya kupikwa kiwandani. Miezi ya kukaa haikuongeza kitu, joto la ghala halikuongeza kitu, na makopo yaliyobonyezwa kwa makusudi hayakuzidi yale mazima. Hata chakula kilichopashwa moto ndani ya kopo kabla ya kuliwa hakikuonyesha tofauti ya maana.

Matokeo hayo yanabadilisha sana mahali pa kuelekeza juhudi. Mwenye duka hawezi kuupunguza uhamaji kwa kuweka makopo kivulini, wala mama wa nyumbani kwa kuchagua yenye tarehe mpya. Mwenye uwezo huo ni yule anayechagua aina ya vanishi na kusimamia tanuri la kuikaushia. Isichukuliwe, hata hivyo, kwamba kopo lililobonyea au kuvimba halina hatari. Kopo lililobonyea kwenye mshono huweza kupitisha bakteria, lililovimba huenda lina gesi ya vijidudu vilivyo hai, na sumu ya botulini huua ndani ya siku chache. Mwenye hofu ya kemikali ambaye kwa sababu ya hofu hiyo angeanza kufunga nyama au maharagwe nyumbani katika chupa bila joto la kutosha, angekuwa ameikimbia hatari ndogo na kuikumbatia kubwa.

Kwa kemikali nyingine, aina ya chakula ndiyo inayoamua. Molekuli nyingi za utando hazipendi maji, bali huvutwa na mafuta, kama vile binzari inavyotoa rangi yake kwa wingi katika mafuta ya moto kuliko katika maji. Katikati ya miaka ya 1990 wachunguzi wa vyakula wa Uswisi na nchi jirani walikuta katika samaki wadogo wa makopo waliotiwa mafuta viwango vikubwa vya kemikali iitwayo BADGE, ambayo ni molekuli moja ya bisfenoli A iliyopachikwa epiklorohidrini pande zote mbili. Ajabu ni kwamba katika makopo mengi ya aina hiyo BADGE haikuwa mabaki ya epoksi. Ilikuwa imeongezwa kwa makusudi katika utando wa aina nyingine, wa PVC, ili ikamate asidi ya hidrokloriki ambayo PVC huitoa inapopata joto, na molekuli iliyotiwa kama kinga, isiyofungwa katika mnyororo wowote, ilijiendea moja kwa moja katika mafuta ya samaki. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2005 ukomo wa miligramu 9 kwa kilo ya chakula kwa BADGE na mazao yake yanayotokana na maji, na miligramu 1 kwa yale yanayotokana na klorini, na ukazipiga marufuku ndugu zake mbili. Haikuhitajika nadharia mpya ya homoni kufikia hapo, kwa kuwa palipimwa, pakaonekana kitu kisichostahili kuwepo kwa wingi ule, na mafundi wakalazimika kubadili mchanganyiko wao.

Bisfenoli A yenyewe ilirudi machoni pa wanasayansi kwa bahati. Mwaka 1993 David Feldman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliokuwa wakichunguza kama hamira hutengeneza estrojeni, walitambua kwamba estrojeni waliyoipata ilitoka katika chupa za plastiki ya polikaboneti zilizochemshwa kwa mvuke, si katika hamira. Miaka miwili baadaye Nicolás Olea wa Granada, Hispania, akishirikiana na Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, alichapisha uchunguzi wa mboga za makopo ulioonyesha kwamba kimiminika kilichomo ndani ya baadhi ya makopo kilitosha kuchochea seli za saratani ya titi, zinazoitikia estrojeni, ziongezeke maabara. Baada ya hapo vipimo vilimiminika. Watafiti wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walipima mwaka 2011 vyakula 78 vya makopo wakaikuta katika 71, kwa kiasi cha kati ya nanogramu 2.6 na 730 katika kila gramu ya chakula, nanogramu ikiwa sehemu moja ya bilioni ya gramu. Waliona pia kwamba kemikali hiyo hupendelea kukaa katika vipande vya chakula kuliko katika maji yake, jambo linaloipunguzia nguvu desturi ya kumwaga maji ya kopo kwa kudhani kwamba sumu yote imekwenda nayo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka huohuo, watafiti wa Harvard waliwapa watu 75 bakuli moja la supu ya kopo kila siku kwa siku tano, na katika wiki nyingine supu isiyo ya kopo, kisha wakapima mkojo wao. Wastani ulikuwa mikrogramu 20.8 za bisfenoli A kwa lita katika siku za kopo, na 1.1 katika siku nyingine. Ni haki kuongeza kwamba mwili hauihifadhi kemikali hii kama uhifadhivyo dawa ya DDT au risasi: ini huifunga kwa sukari maalumu, figo huitoa, na sehemu kubwa huondoka ndani ya siku moja. Lakini mtu anayekula kutoka chanzo hichohicho kila siku haupi mwili siku ya kupumzika. Wapimaji wa afya ya umma wa Marekani, walipochunguza mikojo ya watu zaidi ya 2,500 iliyokusanywa mwaka 2003 na 2004, waliikuta kwa karibu asilimia 93 yao.

Kiasi hicho kinadhuru au hakidhuru? Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe. Wanyama wa maabara wametoa ishara nyingi za kutia shaka, na mojawapo ilitokea pasipo mtu kuitafuta, mwaka 1998, pale panya wa mtafiti Patricia Hunt walipoanza ghafla kutoa mayai yenye mgawanyo mbaya wa kromosomu, na chanzo kikaonekana kuwa vizimba vyao vya polikaboneti vilivyokwanguliwa na sabuni isiyofaa. Upande wa pili walisimama waliosema, si bila sababu, kwamba viwango vingi vya majaribio vilizidi vile ambavyo binadamu huvipata, na kwamba dalili katika panya si ugonjwa katika mtu.

Ukubwa wa ugomvi huo unaonekana katika kile kinachoitwa kipimo kinachovumilika kwa siku, yaani kiasi ambacho mtu anaweza kukila kila siku ya maisha yake bila hatari inayojulikana. Mwaka 2006 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikiweka katika mikrogramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mwaka 2015 ikakishusha hadi 4. Mwezi Aprili 2023, ikitegemea hasa ongezeko la aina fulani ya seli za kinga katika panya waliopata kemikali hiyo tangu wakiwa tumboni, ikakishusha hadi nanogramu 0.2, yaani mara elfu ishirini chini ya kile cha 2015. Taasisi ya Shirikisho ya Tathmini ya Hatari ya Ujerumani ilikataa hesabu hiyo, ikisema kwamba mabadiliko ya seli hizo si ushahidi wa kutosha wa ugonjwa, na ikapendekeza nanogramu 200.

Mfano utaonyesha maana ya tarakimu hizo mezani. Gramu 100 za chakula cha kopo chenye nanogramu 10 za bisfenoli A katika kila gramu, kiasi kisicho cha ajabu kwa makopo ya epoksi, zina nanogramu 1,000. Kwa mtu mzima wa kilo 60, chakula hicho hakifiki hata nusu ya asilimia moja ya kile kilichoruhusiwa mwaka 2015. Kwa hesabu ya Wajerumani ni sehemu moja ya kumi na mbili ya kinachovumilika. Kwa hesabu ya Ulaya ya 2023 kimekipita kinachovumilika zaidi ya mara 80. Chakula ni kilekile na mlaji ni yuleyule.

Msomaji anaweza kukata tamaa hapo na kusema kwamba wataalamu hawajui wasemalo. Ingekuwa ni kuwasoma vibaya. Kipimo cha wapinzani wa Kijerumani chenyewe, kile cha upole, kiko chini mara 250 ya kile kilichotangazwa mwaka 2006 kuwa salama kwa maisha yote. Pande zote mbili, pamoja na ukali wa hoja zao, zimekubaliana kwamba kizazi kizima kilipewa uhakikisho mkubwa kuliko ushahidi uliokuwepo, na zinabishana tu ni kwa kiasi gani. Kwa mwenye watoto jambo hilo ndilo zito, kwa maana hatua za mwanzo za uhai, tumboni na utotoni, ndizo ambazo homoni huamua mengi kwa kiasi kidogo sana.

Sheria zimeifuata sayansi kwa hatua. Chupa za kunyonyeshea watoto za polikaboneti ziliondolewa Kanada, Umoja wa Ulaya na Marekani kati ya 2010 na 2012. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku bisfenoli A katika vifungashio vyote vya chakula kuanzia tarehe 1 Januari 2015. Umoja wa Ulaya mzima ulipitisha marufuku kama hiyo mwezi Desemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 20 Januari 2025 na kuwapa wenye viwanda miezi 18 ya kubadilika, isipokuwa vifungashio vya matunda, mboga na samaki, ambavyo kwa sababu ya ugumu wa asidi na salfa vimepewa mpaka tarehe 20 Januari 2028. Sheria hiyo haikuishia kwa kemikali moja. Inazigusa pia bisfenoli nyingine zilizothibitishwa kuwa hatari.

Nyongeza hiyo ina sababu nzuri. Maneno yanayosema kwamba kifungashio hakina bisfenoli A yalipogeuka kuwa sifa ya kuuzia bidhaa, viwanda vingine vya plastiki na karatasi viliikimbilia bisfenoli S, molekuli inayofanana nayo sana kwa umbo, ambayo nayo ilionekana baadaye kuiga estrojeni. Katika makopo warithi ni wengi: poliesta, akriliki, na hata aina mpya za vanishi ya mafuta ya mimea. Kila mmoja ana mabaki yake. Poliesta huacha pete ndogo za molekuli zilizojifunga zenyewe, na epoksi yenyewe huacha pete ya BADGE na bisfenoli A ambayo imekutwa katika samaki wa mafuta kwa viwango vinavyoizidi mbali bisfenoli A huru, ilhali uchunguzi wa athari zake ni mchache mno. Orodha ya vitu vinavyoweza kuhama kutoka utando mmoja huwa ndefu, na vingi kati yake havikutiwa na mtu bali vilijizalisha katika tanuri.

Kwa hiyo kuulizia kama bisfenoli A ipo au haipo ni kuulizia sehemu ndogo ya jambo. Swali linalofaa ni kama chote kinachotoka katika utando, kikiwa pamoja jinsi mlaji anavyokila, kimepimwa kabla ya utando huo kuingia sokoni. Mfano wa namna hiyo upo. Kampuni ya vanishi ya Valspar, ilipotengeneza epoksi mpya kwa bisfenoli nyingine iitwayo tetramethili bisfenoli F, iliipeleka malighafi hiyo na utando wenyewe wachunguzwe na Ana Soto na wenzake wa Tufts, walewale walioshiriki kufichua tatizo mwaka 1995, nao wakachapisha mwaka 2017 kwamba hawakuona dalili ya estrojeni. Matokeo hayo hayamalizi kila swali, kwa kuwa estrojeni ni homoni moja kati ya nyingi, lakini utaratibu ni ule ambao ungetumika miaka ya 1950 kama ripoti ya Dodds ingesomwa na watu wa viwanda.

Katika Afrika Mashariki wengi hawali vyakula vya makopo kila siku, na kwa hilo wana kinga ambayo mlaji wa mijini Ulaya hana. Lakini nyanya ya kopo, samaki wa kopo kutoka ng'ambo na maharagwe ya kopo vimeingia katika mapishi ya kawaida ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, hasa kwa wapangaji na wanafunzi wasio na muda wala jiko la kuchemshia maharagwe saa tatu. Kwa walaji hao ushauri wenye maana ni mwepesi: kopo lisiwe chakula cha kila siku cha mjamzito wala cha mtoto mchanga pale maharagwe makavu au samaki wabichi wanapopatikana, na nanasi au tunda lingine lililobaki katika kopo lisilo na utando lihamishiwe katika bakuli la kioo au plastiki, kwa kuwa hewa ikishaingia stani huyeyuka kwa kasi. Maziwa ya unga ya watoto hayapikwi ndani ya kopo yakiwa na maji, na kwa hiyo hayamo katika hatari ya joto la kupikia iliyoelezwa hapa.

Lililobaki liko mikononi mwa wanaonunua kwa makontena. Viwanda vya Kenya vinavyouza mananasi ya makopo Ulaya vitalazimika kufuata sheria ya 2024 kila vinapotumia utando, vipende visipende, na utaalamu wa kufanya hivyo utakuwepo Thika bila kutegemea mashirika ya viwango ya nchi. Kwa makopo yanayokuja upande huu hakuna uhakika kama huo. Ufaransa ilipopiga marufuku yake, Baraza la Katiba la nchi hiyo liliamua mwezi Septemba 2015 kwamba viwanda haviwezi kuzuiwa kutengeneza na kuuza nje vifungashio vyenye bisfenoli A kwa nchi ambazo bado zinaviruhusu, kwa hoja kwamba katazo hilo halingewazuia walaji wa nchi hizo kuvipata kwingine. Sheria ya Ulaya inamtaka kila mtengenezaji wa kopo atoe tamko la maandishi linaloonyesha kwamba utando wake unatimiza masharti. Mwagizaji wa Mombasa au wa Kariakoo anaweza kudai tamko hilohilo kwa kila shehena ya samaki na nyanya, na mashirika ya viwango ya Tanzania, Kenya na Uganda yanaweza kulifanya kuwa sharti la kuingiza mzigo, kabla ya tarehe 20 Januari 2028, ambapo makopo yasiyokubalika Ulaya yatahitaji soko jingine.